Operesheni Nani Kakupa

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko karibu na hapa. Haipakani na nchi yoyote mnayoijua, viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote mliyewahi kumwona gazetini, na msomaji atakayedhani ameitambua, hilo ni lake na macho yake. Kazi yangu ni kueleza yaliyompata Koplo Lugendo na mkewe Siwatu, watu wawili wa kawaida waliokaa na watoto wao nyuma ya kambi ya askari, mahali ambapo bomba hutoa maji siku za sherehe za kitaifa tu.

Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyelala na mtu. Ilikuwa sheria. Watoto walizaliwa, tena wengi, lakini walizaliwa kwa ukarimu wa Mlezi Mkuu, aliyeitawala nchi tangu nywele zake zikiwa nyeusi kwa asili mpaka zilipokuwa nyeusi kwa dawa. Picha yake ilitundikwa juu ya kila kitanda, macho wazi. Mlezi Mkuu alitaka raia wake wawe wengi kuliko wa nchi jirani, kwa sababu nchi jirani ilikuwa imemshinda kwa kila kitu kingine. Kwa hiyo vidonge vya kupanga uzazi vikapigwa marufuku, sindano ikapigwa marufuku, kitanzi na vijiti vya chini ya ngozi vikaitwa silaha za adui, na mipira ya kiume iliyojaa bohari ya hospitali kuu ikachukuliwa na jeshi. Haikutupwa, maana serikali ile haikupenda ubadhirifu. Ilipulizwa ikawa mabaluni ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu. Mabalozi wa nchi za nje walikaa chini ya mabaluni yale marefu, meupe, yenye chuchu, wakatazama viatu vyao kuanzia wimbo wa taifa mpaka keki.

"Kila tumbo ni mali ya taifa!" alinguruma siku hiyo Mheshimiwa Mshindo, Waziri wa Heshima ya Mwili. "Na mali ya taifa haifungiwi mlango!"

Watu wakapiga makofi mpaka walipoambiwa inatosha.

Lugendo alikuwa mpiga viboko wa serikali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetangazwa rasmi, kwa jina na kwa kipimo, na sheria ilisema kiboko cha taifa kitashikwa na mkono huo na si mwingine. Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku wa sikukuu alichinjwa na Siwatu, yeye akijifanya anatafuta kuni. Kazini alipiga watu kama mwokaji anavyooka mikate, bila chuki, akijali tu kazi isiharibike. Akirudi, mkewe alimkanda bega kwa mafuta ya nazi, na habari za kazini hazikuongelewa.

Kulikuwa na jambo jingine lisiloongelewa. Mimba ya mwisho ya Siwatu ilimtoa damu mpaka godoro likachomwa moto, mtoto akatoka amekufa, na Nesi Havijawa wa zahanati ya kambini akamwambia waziwazi kwamba nyingine kama ile itamzika. Siwatu alilazwa muda mrefu. Aliporudi nyumbani na nguvu zake kumrudia, Lugendo alimshika mkono wa kushoto, akagusa kwa ndani, chini ya ngozi, vitu viwili vyembamba kama njiti za kiberiti. Akavipitishia kidole mara moja, akageukia ukutani, akajiambia ni mishipa. Siwatu naye akajiambia mumewe hakugundua. Ndoa nyingi katika nchi ile zilisimama juu ya mambo kama hayo.

Lakini vijiti vilikuwa wizi wa mali ya taifa, na kulikuwa na kikosi maalumu cha kuvitafuta, kikiitwa Wapapasa Mikono, chenye glavu nyeupe na barua ya shukrani kutoka Ikulu. Siku moja sokoni Siwatu aliwaona wakimsimamisha mama muuza dagaa. Wanaume wanne walimlaza juu ya meza yake mwenyewe. Kijiti kilitolewa hapo hapo kwa wembe, bila ganzi, kwa maelezo kwamba ganzi ni ya wagonjwa na wizi si ugonjwa. Mama yule alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, damu ikatiririka juu ya mafungu ya dagaa, na mkuu wa kikosi akakiinua kile kijiti kati ya vidole viwili akakitolea hotuba. Mwenyewe alipozimia, dagaa wake walitaifishwa kwa kosa la kuchafuliwa.

Siwatu alirudi bila mboga. Akatoa kitambaa, akaanza kushona gauni la mikono mirefu.

"Joto lote hili?" Lugendo akamwuliza.

"Mbu."

Lugendo akafikiri kidogo. "Ni kweli. Mwaka huu mbu wamezidi."

*

Balaa lenyewe lilianzia kwenye gwaride. Kikosi cha Walinzi wa Mlezi Mkuu kilipita mbele ya jukwaa kikitembea miguu kando kando, kila askari kama aliyepanda punda asiyeonekana.

"Hao wana nini?" Mlezi Mkuu akauliza.

"Ni mwendo mpya, Mtukufu," Waziri Mshindo akajibu palepale. "Mwendo wa Simba."

Magazeti yakausifu, na shule zikaanza kuufundisha. Ungeendelea kusifiwa hadi leo kama askari mmoja asingetoka mstarini akaenda kukojoa nyuma ya jukwaa, akapiga ukelele uliozidi tarumbeta za bendi. Ikabidi ukweli utafutwe, na katika nchi ile ukweli ulitafutwa kwa vikao. Daktari wa jeshi alieleza kikaoni kwamba ni kisonono, kwamba askari wamelala na watu bila mipira kwa sababu mipira yote ilipulizwa, na kwamba tiba ipo, ni sindano na vidonge. Akafungwa jela kwa kosa la kudai kwamba watu hulala na watu.

Ndipo Waziri Mshindo alipopata wazo lililompa nishani.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mtu hawezi kuwa na kitu ambacho hakupewa. Mwenye ugonjwa huu kapewa. Aliyempa naye kapewa. Tukiwafuata mmoja mmoja, tukiwauliza kwa msisitizo, mwisho wa kamba tutamkuta jasusi aliyeuleta nchini. Naomba operesheni hii iitwe Nani Kakupa."

Msisitizo ulikuwa ni Koplo Lugendo.

Benchi likawekwa katika uwanja wa kambi, watu wakaamriwa kuja kutazama. Askari wa kwanza alipigwa mpaka akamtaja fundi cherehani. Fundi cherehani akamtaja mtu ambaye hajawahi kumwona, ilimradi apumue. Mtu huyo akaletwa, akapigwa, akamtaja mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, akaomba kwanza aelezwe dalili zake ili akiri vizuri. Wengine walitaja majirani waliogombana nao kwa ajili ya mbuzi. Mmoja alimtaja marehemu, na kaburi likawekewa ulinzi. Benchi lilibadilika rangi. Kila machweo lilimwagiwa maji, na mbwa wa kambi wakajifunza kulisubiri.

Sasa niseme jambo ambalo Lugendo asingependa lisemwe. Yeye mwenyewe alikuwa akikojoa meno yameuma kola ya shati. Siwatu alipokuwa hospitalini anatokwa na damu, Lugendo hakuweza kukaa katika nyumba ile peke yake na lile godoro. Akaenda kilabuni kwa Kalunde, mama muuza pombe wa nyuma ya bohari, akanywa, akalia, akarudi tena kesho yake, na katika kurudi rudi huko akalala kwa Kalunde. Si zaidi ya siku chache. Mkewe alipotoka hospitalini, hakukanyaga tena kilabuni. Alidhani mambo yamekwisha, kwa sababu aliyataka yaishe.

Ndipo asubuhi moja akamwona Kalunde analetwa benchini, mikono imefungwa kwa kamba ya katani.

"Kalunde wa kilabuni," akasoma Afisa Usalama, mtu mwembamba aliyependa kula karanga kazini. "Nani kakupa?"

Kalunde hakumtazama Afisa. Aligeuza shingo, akamtazama Lugendo machoni, akafungua mdomo.

Lugendo akapiga. Alipiga kabla ya amri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipiga kwa nguvu yote ya ule mkono uliotangazwa. Kalunde akapoteza pumzi. Alipoipata akafungua mdomo tena, na Lugendo akapiga tena, palepale, ngozi ikaachana. Hakuwa anamuuliza. Alitaka azimie kabla ya kusema. Kwa mara ya kwanza maishani Lugendo alipiga kwa chuki, na aliyemchukia hakuwa yule aliye benchini. Watu wa mbele walirudi nyuma kukwepa matone ya damu.

"Taratibu, Koplo," Afisa akasema, karanga imesimama njiani. "Tunataka jina, hatutaki maiti."

Walimmwagia maji. Kalunde akatikisika, akatema damu, akacheka kidogo.

"Waziri," akasema. "Andika. Mheshimiwa Mshindo. Anakuja amejifunika kanga ya mkewe usoni, lakini sauti ile ya hotuba nani asiyeijua? Hata chumbani anahutubia."

Afisa Usalama akakunja karatasi yake ya karanga.

Walipokuwa wanamwondoa Kalunde kwa machela, alimshika Lugendo mguu wa suruali. Lugendo akainama kama anayefunga kamba za kiatu.

"Ulipiga nisiseme," Kalunde akanong'ona. "Nimekuelewa. Lakini na mkeo atalia chooni, Koplo. Huko nako utakwenda na kiboko?"

*

Kesi ya waziri ni jambo kubwa katika nchi ile, kwa sababu kuna mawaziri wenzake ishirini wanaoitaka nyumba yake. Mshindo aliletwa uwanjani akiwa bado amevaa nishani ya Operesheni. Mlezi Mkuu mwenyewe alikuja kutazama, akaketi kwenye roshani ya kambi na kikombe cha chai. Alipenda kuwaona mawaziri wakivuliwa mashati.

Hapa msomaji anatakiwa kujua mazoea ya watu wale. Tangu chekechea walifundishwa kwamba wakiulizwa nani kawapa mvua, nani kawapa shule, nani kawapa uhai, jibu ni moja, na linatolewa kwa sauti, kifua mbele.

"Mheshimiwa," Afisa akasema, "nani kakupa?"

Lugendo alikuwa amempiga mara chache tu. Lakini Mshindo alikuwa mtu wa mazoea, na maumivu yalimrudisha chekechea. Akaunyanyua uso wake uliojaa makamasi, akatoa kifua mbele.

"Mlezi Mkuu!" akapaza sauti.

Nusu ya umati ikapiga makofi, maana jibu lilikuwa sahihi. Nusu nyingine ikaangalia chini. Kwenye roshani kikombe kilisimama katikati ya meza na mdomo.

Afisa Usalama akajikuna shingo. "Mheshimiwa... unasema kwa heshima au kwa ushahidi?"

"Kwa heshima! Kwa heshima kabisa!" Mshindo alishaelewa alichokisema, na sasa alitaka kujiokoa, akawa anajizamisha. "Mimi nilipewa na yule binti wa Ikulu, yule mpangaji maua, naye aliniambia kuwa yeye pia alipe..."

Mkono ulipungwa kwenye roshani, mara moja tu, kidogo, kama wa kufukuza inzi.

"Koplo," Afisa akasema upesi, "piga mpaka anyamaze."

"Afande, ataje au anyamaze?"

"Anyamaze!"

Lugendo akapiga. Mshindo alikuwa mtu mnene aliyezoea kusema, na hakunyamaza haraka. Alianza kwa kuomba, akaendelea kwa kutukana, akafika mahali akawa anataja vipande vya hotuba zake, umoja na maendeleo na heshima ya mwili, na kila kipande kilikatwa na kiboko. Mgongo wake uliacha kuwa mgongo. Baadaye akawa anatoa sauti kama maji yanayoishia katika shimo la choo, kisha hata hiyo ikakoma, na Lugendo akaendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyemwambia basi. Bendi ikapigishwa. Kwenye roshani kiti kilikuwa kitupu, chai imebaki.

Lugendo alikwenda nyumbani na damu ya waziri ikiwa imekauka shingoni. Mchana ulikuwa mweupe. Siwatu alikuwa ameketi mlangoni amejikunja, mikono imeshika tumbo la chini, paji la uso linang'aa kwa jasho la homa.

"Mama Mwantumu. Tumbo tena?"

"Tumbo si langu, ni la taifa. Kaliulize wizarani."

Lugendo akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo halikuwa desturi ya nyumba ile. "Siwatu, huo ugonjwa nimekupa mimi."

Siwatu aliacha kujikunja. Akamtazama muda mrefu, shingo yake, ile damu, magoti yake mavumbini.

"Na wewe," akasema polepole, "nani kakupa?"

Lugendo alikuwa amelisikia swali hilo likiulizwa kila siku. Alijua uongo wote ambao watu huutoa kwa swali hilo, aina zake na rangi zake. Safari hii hakukuwa na benchi wala Afisa, na hakukuwa na kiboko mkononi mwa mtu.

"Kalunde. Ulipokuwa hospitali."

"Nilipokuwa natoka damu."

"Ndiyo."

Kulikuwa na mwiko wa ugali kando ya Siwatu. Aliuchukua akamtandika nao usoni, mara ya kwanza kwa ubapa, mara ya pili kwa ukingo, na nyusi ikapasuka. Mara ya tatu mwiko ukavunjika. Lugendo hakuinua mkono. Siwatu akatupa kipande kilichobaki, akahema, akajishika tena tumbo.

"Simama," akasema. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa Havijawa."

*

Nesi Havijawa alipokea watu wa namna hii kwa mlango wa jikoni. Aliwasikiliza, akamchunguza Siwatu nyuma ya pazia, akarudi akinawa mikono.

"Nyote wawili mnatibiwa leo. Akitibiwa mmoja, mwenzake atamrudishia. Sindano moja moja, na hivi vidonge mmeze mpaka viishe, hata mkijisikia wazima. Msilale pamoja kwa wiki nzima." Akamgeukia Lugendo. "Kuna mwingine anayehitaji dawa kwa sababu yako? Sikuulizi ili umchape."

"Kalunde."

"Kalunde amekwishatibiwa. Alikuja na mgongo kwanza. Nimemshona mpaka uzi ukaniishia."

Siwatu akapandisha mkono wa kushoto wa gauni.

"Nesi, mimi nina vijiti," akasema, na hakumtazama mumewe. "Nilidhani vinanikinga."

"Najua kwamba anavyo," Lugendo akasema taratibu. "Siku zote nimejua."

Siwatu akageuka. "Na mbu je?"

"Niliwakubali tu."

Havijawa aliwaacha wamalize kutazamana. "Vijiti vinazuia mimba, dada, tena vizuri. Magonjwa ya zinaa havizuii. Vidonge vya kupanga uzazi hivyo hivyo, sindano yake hivyo hivyo, kitanzi hivyo hivyo. Kinachozuia maradhi ni mpira huu, ukivaliwa vizuri, kila mara, tangu mwanzo. Ukitumia na vijiti, umejikinga pande zote mbili." Akawapa pakiti chache zilizofichwa ndani ya birika kuukuu. "Hizi zilinusurika kupulizwa."

Siwatu alipona. Lakini siku chache tu baada ya homa yake kushuka, redio ilitangaza amri mpya. Kwa kuwa Operesheni Nani Kakupa imekaribia kufanikiwa mno, serikali imegundua kwamba ugonjwa uliokuwa ukitafutwa haupo na haukuwahi kuwapo. Waliopigwa kwa ajili yake wamesamehewa. Anayeutibu ni tapeli, kwa sababu anatibu kitu kisichokuwapo, na atataja wote aliowatapeli.

Zahanati ya Havijawa ilichomwa adhuhuri. Petroli ililetwa na askari waliotembea miguu kando kando, na baadhi yao walilitazama kabati la dawa likiungua huku machozi yakiwatoka, wakasingizia moshi. Havijawa alivutwa nywele mpaka mahabusu, jino lake moja likabaki kizingitini. Ikatangazwa kuwa ataletwa benchini Jumamosi asubuhi, awataje wagonjwa wake wote, na Koplo Lugendo aandae mkono.

Jumamosi Lugendo alitoka na sare iliyopigwa pasi. Siwatu alimsindikiza hadi mlangoni.

"Ukimpiga yule," akamwambia, "usirudi hapa. Lala na benchi lako."

"Nisipompiga wataniua, mama. Na wataleta mwingine ampige."

"Sheria inasema mkono huo na si mwingine."

Alisema kwa hasira tu, hakuwa na maana kubwa. Lakini Lugendo alitembea nayo njia nzima. Kwenye kona ya kambi alikuwapo Mfaume, muuza maji ya miwa, na mashine yake ya injini inanguruma, magurudumu mawili ya chuma yakisaga muwa. Lugendo akasimama.

"Karibu, afande. Glasi?"

"Nipe huo muwa niutie mwenyewe."

Mfaume akacheka, akampa. Lugendo akauingiza muwa kati ya yale magurudumu, na muwa ulipokwisha hakuuachia. Vidole vilikwenda, kisha kiganja. Sauti ilikuwa kama ya muwa, ila fupi zaidi. Mfaume alipiga kelele kuliko Lugendo, akarukia injini kuizima, akateleza kwenye maji ya miwa yaliyokwisha kuwa mekundu, akaanguka, akainuka, akaizima. Mashine ilisimama imemeza mpaka kifundo. Ilibidi walegeze nati moja moja kuutoa mkono ule, na kilichotoka hakikuweza kutangazwa popote.

*

Serikali ilikuwa na njia mbili. Ingesema mpiga viboko wake amekataa kupiga, au ingesema ameshambuliwa. Redio ikatangaza kwamba adui ametumia muwa. Miwa ikapigwa marufuku nchi nzima, mashine ya Mfaume ikavunjwa kwa nyundo mbele ya umati, na Lugendo, hospitalini, akabandikwa nishani kwenye bandeji.

Kisha ikaundwa kamati ya kutafuta mkono mwingine. Haikupata. Kila askari alikumbuka kwamba anayeshika kiboko ndiye anayesikia majina, na kila mmoja alimkumbuka Mshindo na ile chai iliyobaki. Mabega yakaanza kuuma kambi nzima. Wenye misuli walikuja kwenye usaili mkono umefungwa shingoni. Waziri mpya wa Heshima ya Mwili, aliyekuwa na sababu zake za kutotaka Havijawa ataje wagonjwa, aliahirisha kikao, akaahirisha tena, halafu akasahau kwa makusudi.

Havijawa akabaki mahabusu. Wa kwanza kumfuata alikuwa mlinzi wa zamu, aliyeinama kwenye dirisha la nondo akamweleza habari za binamu yake mwenye maumivu ya kukojoa. Havijawa akamwambia dawa gani amtafutie binamu, na kwamba binamu amlete na mkewe. Baada ya hapo binamu wakawa wengi. Askari walioichoma zahanati walikuja na dawa walizoiba kabla ya kuwasha moto, mke wa Afisa Usalama akaja kuuliza habari za kitanzi, na pakiti za mipira zikaanza kupita katikati ya nondo, kuingia na kutoka, zimefichwa ndani ya mikate. Hakuachiliwa. Mpaka leo sijasikia kwamba ameachiliwa.

Lugendo alipopata nguvu alikwenda kwa Kalunde kuomba radhi. Kalunde alimsikiliza hadi mwisho, amesimama kwa upande kwa sababu mgongo haukumruhusu kuegemea mlango. Kisha akammwagia maji ya vyombo miguuni, akaingia ndani. Lugendo hakurudi tena huko.

Alipita na dirishani kwa Havijawa kuchukua pakiti.

"Kwa mkono mmoja ndiyo kazi," Nesi alimwambia, pengo linaonekana. "Lakini usithubutu kuifungua pakiti kwa meno, utaupasua mpira. Wengi wanaharibia hapo. Tafuta namna nyingine."

Alasiri moja, watoto wakiwa wamepelekwa kuimba uwanjani, Lugendo alisimama chumbani akijaribu kutafuta hiyo namna nyingine. Aliibana pakiti kifuani kwa kile kigutu, akaivuta kwa mkono wa kushoto. Ikachomoka ikaanguka. Aliibana kwa goti. Ikachomoka tena, ikateleza sakafuni hadi kwenye mkeka ambapo Siwatu alikuwa anachambua mchele. Gauni lake lilikuwa lile la mikono mirefu, maana Wapapasa walikuwa bado sokoni.

Siwatu aliitazama pakiti, akamtazama yeye. Tangu siku ya mwiko walikuwa wamelala chumba kimoja kama abiria wasiofahamiana.

Lugendo akainama, akaiokota, akamnyooshea.

"Unataka nini?" Siwatu akauliza.

"Unifungulie."

"Umekwisha kuniuliza kama nataka?"

Lugendo akarudisha mkono. "Nakuuliza sasa, Mama Mwantumu. Unataka?"

Siwatu aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa mlangoni. Akaokota kingine.

"Keti," akasema. "Nichambue mchele huku nafikiri."

Lugendo akaketi kwenye ukingo wa kitanda, pakiti juu ya goti, akasubiri.